Mkono wa Babu na Seli Zilizoitwa Gundi

Babu yangu mzaa mama alikuwa mrina asali katika misitu ya miombo kusini mwa Tabora, na jambo tulilojivunia sisi wajukuu wake, hata kuliko asali yenyewe, ni kwamba aliweza kuokota kaa la moto kwa vidole na kulipachika ndani ya kienge cha kufukizia nyuki bila kukunja uso. Sisi tuliamini amechanjwa dawa. Watu wazima walikuwa na maelezo yao, ambayo waliyasema kwa sauti ya chini na kuyakatisha tulipowakaribia. Kidole chake cha mwisho na kile cha pete, vya mkono wa kulia, vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na kitu kigumu cha mviringo kilichoteleza chini ya ngozi kila nilipokibonyeza, mfano wa kamba ya katani. Nilikuwa na umri wa miaka 9 nilipomwuliza ni nini. "Huo ni mshipa wa uzee, mjukuu wangu," akanijibu, akauvuta mkono wake.

Haukuwa wa uzee. Ilikuwa ni neva ya alna, ile ambayo mtu akijigonga kiwiko hupigwa shoti mpaka kwenye kidole cha mwisho, na ilikuwa imevimba kwa ukoma. Nililielewa hilo baadaye sana, nikiwa tayari nafanya kazi maabara na babu akiwa ameshazikwa, na kilichonishangaza hakikuwa jina la ugonjwa bali mahali unapofanyia uharibifu wake. Kama wengi, nilikua nikiamini kwamba ukoma ni ugonjwa wa ngozi. Kumbe kimelea chake hupenda kuweka makao ndani ya seli za Schwann, ambazo si ngozi wala si nyuroni, yaani seli za neva zinazopeleka taarifa, bali ni za jamii ya seli zinazoitwa glia. Chuoni, somo la mfumo wa neva lilipofika kwenye jamii hiyo, mwalimu wetu alisema sentensi moja tu: "Hizi ni gundi ya kushikilia nyuroni, andikeni." Nikaandika, na kwa miaka mingi sikufikiri kwamba palikuwa na la zaidi.

Mwalimu hakuitunga gundi hiyo. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliipa tishu iliyojaza nafasi baina ya seli za neva jina la nyuroglia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Alichokiona kwa hadubini ya wakati ule kilifanana na ute uliogandisha vitu vya maana zaidi, na jina likafuata sura. Mimi siyalaumu macho ya Virchow, ila nalilaumu jina, kwa sababu kitu kikishaitwa gundi hakuna anayekiuliza kinafanya nini.

Mtu asiyekaa maabara hawezi kukisia jinsi ujuzi wetu unavyotegemea rangi. Mgonjwa akishukiwa kuwa na ukoma, tunabana ndewe ya sikio kwa vidole mpaka damu ikimbie, tunachanja kidogo kwa wembe wa upasuaji, tunakwangua majimaji ya ngozi na kuyapaka kwenye kioo. Ukikiweka kioo hicho chini ya hadubini kikiwa hivyo hivyo, unaona ukungu. Inabidi kwanza kumwagia fuksini, ambayo ni nyekundu, kisha kuosha kwa asidi na spiriti, na mwisho kupaka bluu ya methilini. Kimelea cha ukoma kina ganda lenye nta ambalo halikubali kuachia wekundu hata likioshwa kwa asidi, kwa hiyo vijiti vyekundu hubaki vimelala, mara nyingine vimefungana kama matita ya kuni, juu ya uga wa buluu. Vilikuwepo tangu mwanzo, lakini bila rangi ningeapa kwamba kioo ni kitupu.

Historia ya glia ni ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1873 Mwitaliano Camillo Golgi aligundua kwamba kipande cha ubongo kilichogandishwa kwa kemikali na kuloweshwa kwenye naitreti ya fedha hutoa seli chache zilizojaa weusi mpaka kwenye ncha za matawi yake, huku nyingine zote zikibaki hazionekani. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua mbinu hiyo akaiboresha, na wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906 ingawa hawakukubaliana karibu kwa lolote. Mwaka 1913 Cajal alipata rangi nyingine, ya dhahabu, iliyozidhihirisha glia zenye umbo la nyota ambazo sasa huitwa astrosaiti. Lakini alipomaliza kuhesabu nyuroni na nyota zake, kulikuwa bado na seli ndogo ambazo rangi zake hazikuzikamata vizuri, akaziita kwa jumla elementi ya tatu. Aliyezitenganisha ni Pío del Río-Hortega, aliyefanya kazi katika maabara ya Cajal huko Madrid: kwa rangi ya kaboneti ya fedha, mwaka 1919 alionyesha kwamba ndani ya elementi hiyo kulikuwa na mikroglia, na mwaka 1921 akaieleza aina ya pili, oligodendrosaiti. Kabla ya hapo, mwaka 1920, alikuwa ameshafukuzwa kwenye maabara hiyo. Alifia uhamishoni Buenos Aires mwaka 1945, na kila ninapoandaa vioo vyangu humkumbuka kama mtu wa kazi yangu, aliyepata ugomvi na mkubwa wake na akaacha nyuma rangi inayofanya kazi.

Kuhusu idadi yake, vitabu vilikariri kwa miongo kadhaa kwamba glia ni mara kumi ya nyuroni. Mtafiti wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, pamoja na wenzake, waliamua kuhesabu, na njia waliyoitumia ingemfurahisha muuza supu yeyote wa stendi: waliuponda ubongo mpaka ukawa mchuzi wenye viini vya seli vinavyoelea, wakaukoroga usambae sawasawa, wakapaka rangi ya kutofautisha viini vya nyuroni, wakahesabu kwenye matone. Matokeo ya ubongo wa wanaume wanne, yaliyotoka mwaka 2009, yalikuwa nyuroni zipatazo bilioni 86 na seli nyingine zipatazo bilioni 85. Ni karibu sawa kwa sawa, na hizo nyingine si glia peke yake. Nilipoyasoma haya nilijisikia vizuri kwa namna ambayo siwezi kuitetea, kwa kuwa wakati wote nilikuwa nimekariri mara kumi bila kuuliza aliyehesabu ni nani.

Astrosaiti ndizo ningezipa nafasi kubwa kuliko zote kama ningekuwa mwalimu wa chuo kile. Kila moja ina matawi membamba yasiyohesabika. Mengine yanagusa sinapsi, yaani mianya ambamo nyuroni moja huipa nyingine taarifa kwa kemikali, na mengine yanaishia kwenye vimishipa vya damu, yakitanua ncha zake kama nyayo zilizokanyaga bomba. Kwa binadamu, astrosaiti moja inakadiriwa kuweza kufikia sinapsi hadi milioni 2. Kazi yake ya kwanza hapo ni ya usafi wenye hatari ndani yake. Nyuroni nyingi za ubongo husisimuana kwa glutamati, na glutamati ikibaki kwenye mwanya inaendelea kusisimua mpaka nyuroni inayosisimuliwa inakufa. Astrosaiti huifyonza mara moja, huigeuza kuwa glutamini, na kuirudisha kwa nyuroni ili itengenezwe upya. Vivyo hivyo huondoa potasiamu inayomwagika nje ya nyuroni kila zinapofyatua umeme, kwa maana ikirundikana, nyuroni za jirani huanza kufyatuka bila utaratibu. Juu ya hayo zinashikilia akiba ya glikojeni ya ubongo, yaani sukari iliyohifadhiwa, na huweza kuipatia nyuroni laktati kama chakula pale mahitaji yanapopanda. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake tukiwa tumepumzika, kwa hiyo suala la nani anaulisha si dogo.

Zile nyayo kwenye vimishipa zina habari yake, nayo pia ilianza kwa rangi. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliingiza rangi kwenye damu ya wanyama, akakuta viungo vyote vimeiva rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo, akadhani tishu ya ubongo haina tabia ya kuipokea. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann alifanya kinyume, akaiingiza rangi kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ndio ulioiva huku viungo vingine vikibaki vyeupe. Tatizo halikuwa tishu kukataa rangi. Kulikuwa na ukuta kati ya damu na ubongo. Ukuta wenyewe hujengwa na seli za ndani ya vimishipa, ambazo zimeshonana barabara, lakini nyayo za astrosaiti huuzunguka kwa nje na ishara zake ndizo zinazosaidia kuufanya ubaki umeshonana.

Je, astrosaiti zinafikiri? Swali hilo huulizwa kwa mbwembwe, na mimi nalipunguza ukubwa. Mwaka 1990 ilionekana kwamba astrosaiti zilizokuzwa maabara zikiguswa na glutamati, mawimbi ya kalisi huanza ndani yake na kusafiri kutoka seli moja hadi nyingine, na tangu hapo imejulikana kwamba zinasikia mazungumzo ya sinapsi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwapandikizia panya wachanga chembe mama za glia za binadamu, yaani seli changa ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa glia, na panya hao walipokua walijifunza baadhi ya mambo upesi kuliko wenzao. Hilo halifanyi astrosaiti kuwa mahali pa fikra, ila linatosha kumnyima mtu haki ya kusema gundi.

Nyuroni ina mkia mrefu uitwao aksoni, na aksoni tupu hupitisha mshtuko kwa kasi ya kama mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Aksoni nene iliyofungwa mailini hufikia hadi mita 120 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mtu angetoka Tabora akafika Kigoma kwa muda wa kama saa moja, safari ambayo treni yetu ya zamani hulala njiani. Mailini si kitu kilichopakwa juu ya aksoni. Ni seli yenyewe, iliyojizungusha mara nyingi kama jamvi linalokunjwa kuuzunguka mti, huku uoevu wake ukikamuliwa kutoka katikati ya mizunguko mpaka yabaki matabaka ya mafuta na protini. Kati ya jamvi na jamvi huachwa kijinafasi kilicho wazi, ambacho Mfaransa Louis-Antoine Ranvier alikieleza katika miaka ya 1870, na mshtuko huhuishwa kwenye nafasi hizo tu badala ya kutambaa kila inchi.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, jamvi hukunjwa na oligodendrosaiti, na moja inaweza kunyoosha mikono na kukunja sehemu zipatazo 50 za aksoni mbalimbali. Nje ya hapo, kwenye neva za mikono, miguu na uso, mkunjaji ni seli ya Schwann, iliyopewa jina la Theodor Schwann wa Ujerumani, nayo hukunja sehemu moja tu ya aksoni moja. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka neva ikatike. Kijana wa bodaboda aliyekatika neva ya mkono ana matumaini, kwa sababu seli za Schwann za upande uliokufa hubadili kazi: huacha kukunja, husaidia kuondoa mailini iliyovunjika, hujipanga mstari na kutoa kemikali zinazoiita aksoni iote kuzifuata, kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole ni zaidi ya mwaka mzima wa kusubiri, lakini kuna kinachosubiriwa. Kijana wa bodaboda aliyekatika uti wa mgongo hana bahati hiyo. Mabaki ya mailini ya oligodendrosaiti yana protini zinazozuia aksoni kuota, na astrosaiti hukusanyika na kufanya kovu, ambalo huzuia madhara yasisambae ila pia huchangia kuifunga njia.

Mikroglia ni walinzi, na asili yake si ya ubongo: hutoka kwenye mfuko wa yoki wa kiinitete na kuhamia ubongoni mapema kabisa mimba ikiwa changa. Zinapotazamwa ndani ya ubongo wa panya aliye hai, shina hubaki pale pale huku matawi yakipapasa huku na huko muda wote. Hula seli zilizokufa, hushambulia wavamizi, na wakati ubongo unakua hupogoa sinapsi zisizotumika. Huku kwetu tuna sababu mbili za kuzifahamu. Ya kwanza ni virusi vya UKIMWI, ambavyo vikiingia ubongoni hujificha hasa ndani ya mikroglia na ndugu zake. Ya pili ni malale. Mrina asali hushinda porini pamoja na mbung'o, na kimelea cha malale kikishatoka kwenye damu na kuvuka ule ukuta wa Ehrlich, mikroglia na astrosaiti huamka zote, na vurugu ya vita hivyo ni sehemu ya kinachomfanya mgonjwa alale mchana na kukesha usiku. Sisi maabara hujua kwamba hatua hiyo imefika kwa kuchukua majimaji ya mgongo: tukikuta kimelea, au seli nyeupe zaidi ya 5 kwa kila mikrolita, basi kimeshavuka.

Majimaji hayo yenyewe yanazungukwa na glia nyingine, seli za ependima, zilizotandazwa kwenye kuta za vyumba vya ubongo zikiwa na vinyweleo vinavyoyasukuma. Ndugu zake wa karibu hutengeneza kama nusu lita kila siku, wakati nafasi yote iliyopo ni ya kama mililita 150, kwa hiyo njia ya kutokea ikiziba mtoto hupata kile tunachokiita kichwa kikubwa. Zipo pia seli setilaiti zinazozunguka miili ya nyuroni kwenye vifundo vya neva nje ya ubongo, glia za utumbo, na glia za Müller kwenye retina ya jicho. Nazitaja tu. Na kwa kuwa glia, tofauti na nyuroni, zinaweza kuendelea kugawanyika ukubwani, uvimbe mwingi wa saratani unaoanzia ubongoni ni wa ukoo wao, ndiyo maana huitwa glioma.

Narudi kwenye kiwiko cha babu. Kimelea cha ukoma, ambacho Mnorwe Armauer Hansen alikitambua mwaka 1873, hugawanyika mara moja kwa kama wiki mbili na hupenda ubaridi kidogo, ndiyo sababu hushambulia neva zinazopita karibu na ngozi: kiwikoni, nyuma ya goti, usoni. Juu ya ganda lake kuna mafuta maalumu ambayo hushika protini iliyo kwenye vazi la nje la seli ya Schwann, kama ufunguo ulioibwa, kisha huingia na kukaa kwa miaka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha, kwa seli za panya, kwamba kimelea hicho huweza hata kuifanya seli ya Schwann isahau kazi yake na kurudi katika hali inayofanana na chembe mama, iweze kuhama na kukisambaza kwingine. Nilisoma hilo mara mbili. Ule uwezo wa kubadili kazi, unaomponya kijana wa bodaboda, ndio kimelea kinaoutumia. Seli za Schwann zikiharibika na kinga ya mwili ikaja kupigana ndani ya neva nyembamba isiyo na nafasi ya kuvimba, aksoni hubanwa, hisia za moto na maumivu hupotea, na misuli midogo ya kiganja hunyauka mpaka vidole viwili vinajikunja. Kaa la moto halikuwa dogo kwa babu. Habari zake hazikufika.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa makamo ya babu, naye mrina asali, aliyemaliza vidonge vyake vya miezi 12. Dawa hizo tatu hutolewa bure, na majibu ya vioo vyake yalikuwa mazuri: nilitafuta fimbo nyekundu kwenye sehemu 100 za kila kioo sikupata hata moja.

"Shikamoo mzee. Vioo vyako ni safi."

"Marahaba binti yangu." Akanyoosha kiganja. "Lakini mbona bado hakuna kitu humu? Nikishika sufuria naona tu ngozi imebabuka. Basi dawa imefanya nini?"

Nilimweleza kwamba dawa imeua mdudu, ila mdudu alikuwa ameshaharibu nguo ya mshipa, na mshipa uliokaa uchi kwa muda mrefu haurudi wote. Kama mkono wake ungekuwa umeanza kufa ganzi ndani ya miezi 6 iliyopita, daktari angejaribu kumpa predinisoloni ili kushusha uvimbe; wake ulikuwa wa miaka. Muuguzi alimfunga macho kwa kitambaa, akamgusa kiganja kwa ncha ya kalamu mahali kumi, akahisi mahali sita. Kisha akafundishwa kulowesha mikono jioni, kuisugua taratibu, kuipaka mafuta, na kuikagua kwa macho kila siku kwa sababu haitamwambia yenyewe.

Alipokuwa anaondoka aliuliza kama tuna vipande vya mpira. Mlinzi wa getini alimpa tyubu kuukuu ya baiskeli, akakaa naye kwenye benchi, wakaikata vipande virefu vyembamba, na mzee akaanza kumwonyesha jinsi atakavyouzungushia mpini wa sufuria, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kila mmoja kwa meno ili ukaze.